Mkuu Asiposikia la Mdogo: Yanayotokea Kambini Kabla ya Mashindano ya Jimnastiki

Zoezi la msichana juu ya boriti ya jimnastiki halizidi sekunde 90. Kuruka farasi, tangu hatua ya kwanza ya mbio hata miguu itue juu ya godoro, ni jambo la kufumba na kufumbua. Mtazamaji aliyeketi mbele ya televisheni wakati wa Olimpiki huyaona hayo, akashangilia au akasikitika, kisha akaendelea na shughuli zake. Yaliyozitangulia sekunde hizo hayaoni. Haioni ile miaka kumi na zaidi ya kazi, wala zile wiki za mwisho ambapo timu ya taifa hujifungia kambini mbali na watu, ikirudia jambo lile lile siku baada ya siku, mpaka mwili ulitende bila kuishauri akili.

Ni katika wiki hizo za mwisho ndipo ushindi hutengenezwa. Na ni katika wiki hizo hizo ndipo watoto wa watu wamevunjika. Kwa askari, kwa polisi na kwa kila mzazi, historia ya mchezo huu ina funzo moja kubwa, nalo lahusu swali ambalo kila mwenye amri juu ya mwili wa mwenzake hana budi kujiuliza: ni nani asemaye kwamba mwili huu leo uko tayari? Na mwenye mwili akisema hapana, ni nani amsikilizaye?

NDUGU WA GWARIDE

Jimnastiki ya vyombo ina undugu wa karibu na mazoezi ya kijeshi. Yule farasi wa kurukia, kabla ya kuwa chombo cha michezo, alikuwa chombo cha askari. Askari wa Kirumi walijifunza kupanda na kushuka juu ya farasi wa mbao, wakiwa na silaha zao, kabla hawajakabidhiwa farasi wa kweli. Mwaka 1811 mwalimu wa Kijerumani, Friedrich Ludwig Jahn, alifungua uwanja wa mazoezi mahali paitwapo Hasenheide, Berlin. Siku hizo Prussia, nchi yake, ilikuwa imeshindwa na majeshi ya Napoleon, na nia ya Jahn ilikuwa kuwakomaza vijana ili wapate nguvu na moyo wa kuikomboa nchi.

Shirikisho la kimataifa la mchezo huu lilianzishwa mwaka 1881. Olimpiki ya kwanza ya zama hizi ilipofanyika Athens mwaka 1896, jimnastiki ilikuwamo. Wanawake nao wakaingizwa mwaka 1928. Baadaye, katika Muungano wa Kisovieti, mabingwa wengi walikuwa wanachama wa klabu za watumishi wa dola: TsSKA ilikuwa klabu ya jeshi, na Dinamo ilikuwa ya vyombo vya usalama. Hata zile halaiki za vijana zionekanazo viwanjani Afrika ya Mashariki siku za sherehe za taifa, zenye kupanga safu na kujenga minara ya watu, zatoka katika ukoo huo huo wa kuufundisha mwili utii.

Kwa hiyo si ajabu kwamba mchezo huu ulirithi sifa za jeshi: saa za kuamka, safu, amri, na kurudia rudia. Sifa hizo ni njema. Lakini jeshi lililo imara lina sifa nyingine isiyotajwa sana, nayo ni taarifa itokayo chini kwenda juu. Kamanda asiyepokea taarifa ya askari aliye mstari wa mbele hupigana akiwa amefumba macho. Sifa hiyo ya pili ndiyo iliyosahauliwa katika kambi nyingi za jimnastiki.

VYOMBO NA HESABU ZAKE

Yafaa kwanza msomaji aelewe timu inajiandaa kwa kitu gani. Wanawake hushindana katika vyombo vinne. Kwanza ni kuruka farasi, ambaye tangu mwaka 2001 umbo lake limebadilishwa likawa kama meza pana yenye kimo cha sentimita 125. Pili ni fito mbili za kimo tofauti, ambazo mchezaji huning'inia, akazunguka, akaachia mmoja na kuudaka mwingine. Tatu ni boriti yenye urefu wa mita 5 na upana wa sentimita 10 tu, iliyoinuliwa sentimita 125 kutoka chini. Nne ni sakafu ya mraba, mita 12 kwa mita 12, ambapo zoezi huandamana na muziki. Wanaume wana vyombo sita: sakafu, farasi mwenye vishikio, pete, farasi wa kurukia, fito mbili za sambamba na ufito mmoja wa juu.

Tangu mwaka 2006 alama hutolewa kwa mafungu mawili yanayojumlishwa. Fungu moja ni la ugumu wa zoezi, na halina kikomo. Fungu la pili ni la usafi wa utendaji, nalo huanzia 10 na kupunguzwa kwa kila kosa. Goti likikunjika kidogo, alama hupungua. Mguu ukiyumba wakati wa kutua, alama hupungua. Anayeanguka hupoteza alama 1 nzima, na alama 1 katika mchezo huu ni mali nyingi sana.

Katika fainali ya timu kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024, kila nchi ilikuwa na wachezaji 5. Katika kila chombo walipanda 3, na alama za wote 3 zilihesabiwa. Kwa wanawake hayo ni mazoezi 12 kwa jumla, bila hata moja la kutupa. Mmoja akianguka, wameanguka wote. Hapo ndipo uzito wa maandalizi unapoonekana: timu haitafuti mtu wa kufanya ajabu mara moja, bali watu wa kufanya jambo lile lile, kwa namna ile ile, kila siku waamkapo.

SIKU ZA KAMBI

Zoezi jipya halianzii juu ya chombo. Huanzia kwenye shimo lililojazwa vipande vya sponji, mahali ambapo mchezaji aweza kuanguka kwa kichwa bila kuumia. Likikubali hapo, huhamishiwa kwenye magodoro mazito yaliyorundikwa. Kisha magodoro hupunguzwa moja baada ya jingine, mpaka libaki lile lililoruhusiwa na sheria. Safari hiyo yaweza kuchukua miezi, pengine miaka. Wakufunzi wenye busara hawairuki hatua hata moja, kwani kichwangomba cha hewani hakina nusu njia: aliyekwisha kuruka hawezi kughairi.

Miezi ya mwisho kabla ya mashindano, mazoezi mapya huachwa. Kazi inakuwa kuunganisha vipande: kwanza nusu ya zoezi, halafu zoezi zima, halafu zoezi zima mbele ya waamuzi wa majaribio, mchezaji akipewa nafasi moja tu kama itakavyokuwa siku yenyewe. Viganja hupasuka kwa msuguano wa fito, vikafungwa, vikapakwa unga mweupe wa kukausha jasho, na kazi ikaendelea. Wakati huo wakufunzi hupanga mfuatano wa wachezaji. Aghalabu hutangulizwa yule asiyetetereka, ili aifungulie timu njia, na mwenye zoezi gumu zaidi huachwa mwisho.

Vyombo navyo huchunguzwa, maana kosa la sentimita chache ni hatari. Ushahidi ulionekana Sydney mwaka 2000, katika fainali ya wanawake ya mshindi wa jumla. Wachezaji mmoja baada ya mwingine walikuwa wakimkosa farasi na kuanguka, mabingwa wazoefu wakiwamo. Wakubwa wote waliokuwapo, waamuzi na wasimamizi, hawakutambua sababu. Aliyetambua ni Allana Slater wa Australia, msichana wa miaka 16, ambaye alisema kwamba farasi yule yuko chini mno. Wakapima. Farasi alikuwa amewekwa sentimita 120 badala ya 125. Akainuliwa, na waliokwisha kuruka wakaruhusiwa kurudia. Msichana mmoja alisema, mkubwa mmoja akasikia, na pengine shingo ya mtu ikaokoka. Si kila mara imekuwa hivyo.

MONTREAL 1976: SIFA NA DENI LAKE

Mwezi wa Julai 1976, huko Montreal, Kanada, dunia ilimwona Nadia Comăneci wa Romania, msichana wa miaka 14 kutoka mji wa Onești. Katika fito za kimo tofauti alipewa alama 10 kamili, jambo ambalo halijapata kutokea katika jimnastiki ya Olimpiki. Ubao wa alama haukuwa umetengenezwa kuonyesha 10, ukaandika 1.00. Kabla ya mashindano kwisha alikuwa amepata 10 mara saba, na medali tatu za dhahabu.

Katika uwanja huo huo mwanamume wa Kijapani, Shun Fujimoto, mtu mzima wa miaka 26, aliumia goti alipokuwa akimaliza zoezi la sakafu. Hakumwambia mtu. Akapanda farasi mwenye vishikio, kisha akapanda pete. Akajiachia kutoka juu na kutua kwa miguu yote miwili, akapata alama 9.7. Baada ya hapo hakuweza tena kuendelea. Wenzake watano wakamalizia, na Japani ikawashinda Wasovieti kwa tofauti ya alama 0.40.

Dunia iliwasifu wote wawili, na sifa zilikuwa za haki. Lakini walimu wengi waliondoka Montreal na mafunzo mawili ya hatari: kwamba ushindi uko kwa watoto wadogo, na kwamba mchezaji shujaa ni yule afichaye maumivu. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na kambi zikaanza kutafuta samaki wabichi zaidi na zaidi, wepesi wa mwili na wasiojua kubisha. Ilibidi shirikisho la kimataifa lipandishe umri wa chini wa kushindana katika ngazi ya juu kutoka miaka 14 hadi 15 mwaka 1981, kisha hadi 16 mwaka 1997. Lakini kabla hata ya mabadiliko ya kwanza, jambo zito lilikuwa limekwisha kutokea Minsk.

MINSK, JULAI 1980

Elena Mukhina alizaliwa mwaka 1960. Alifiwa na mama yake angali mdogo, akalelewa na bibi yake. Alifanya mazoezi katika klabu ya jeshi, TsSKA, chini ya mkufunzi Mikhail Klimenko, na mwaka 1978, huko Strasbourg, Ufaransa, alikuwa bingwa wa dunia wa jumla. Hakuna aliyetilia shaka kwamba atakuwamo katika timu itakayoshindana Moscow, nyumbani, mwaka 1980.

Mwaka 1979 alivunjika mguu. Mwishoni mwa mwaka huo timu ya wanawake ya Romania iliwashinda Wasovieti katika mashindano ya dunia huko Fort Worth, Marekani, na hofu ikawaingia wakubwa wa timu. Mukhina alitakiwa kurudi haraka. Alirudishwa kazini mguu ukiwa haujaunga sawasawa, ikabidi apasuliwe. Na hata baada ya hapo akawa anafanya mazoezi kwa mguu dhaifu, huku akipunguza uzito wa mwili ili awahi.

Katika zoezi lake la sakafu kulikuwa na mruko uitwao Thomas, kwa jina la Mmarekani Kurt Thomas aliyeubuni kwa wanaume. Mwenye kuuruka hupinduka na kujisokota hewani, kisha hamalizi kwa miguu, bali kwa kubiringika juu ya mabega. Akipungukiwa na kimo kidogo tu, hutua kwa kidevu. Mruko huo wahitaji mguu wenye nguvu ya kusukuma, na mguu wa Mukhina haukuwa na nguvu hiyo. Yeye alijua. Miaka kadhaa baadaye, alipozungumza na gazeti la nchi yake mwaka 1988, alieleza kwamba alikuwa amemwambia mkufunzi wake kuwa mruko ule utamvunja shingo, na kwamba maneno yake hayakutiliwa maanani.

Tarehe 3 Julai 1980, majuma mawili na siku chache kabla ya ufunguzi wa Olimpiki, timu ikiwa kambini Minsk na mkufunzi wake akiwa hayupo, Mukhina aliurudia mruko huo. Alipungukiwa na kimo, akatua kwa kidevu. Uti wa shingo ukavunjika, na mwili ukapooza. Alikuwa na umri wa miaka 20.

Timu ya wanawake ya Muungano wa Kisovieti ilishinda dhahabu Moscow bila yeye. Neno hilo lastahili kusomwa mara mbili. Yote yale yaliyofanywa kwa haraka, mguu ule ulioharakishwa na onyo lile lililopuuzwa, yalifanywa kwa hofu kwamba bila yeye timu ingeshindwa. Timu haikushindwa. Mukhina aliishi miaka 26 mingine akiwa hajiwezi, akafariki mwezi wa Desemba 2006. Mruko uliomvunja ulikuja kupigwa marufuku kwa wanawake, na baadaye miruko yote ya namna hiyo, ya kumalizia kwa kubiringika, ikakatazwa kwa wanaume pia.

Msemo wa Kiswahili wasema kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kila mtoto ameusikia, nao ni msemo wa kweli. Lakini Minsk ilionyesha upande wake wa pili: mkuu naye asiposikia la mdogo, anayevunjika bado ni mdogo.

ATLANTA NA KAMBI YA MSITUNI

Miaka 16 baadaye, huko Atlanta, Kerri Strug wa Marekani, mwenye umri wa miaka 18, alianguka katika mruko wake wa kwanza wa farasi na kuumia kifundo cha mguu. Ulibaki mruko wa pili. Mkufunzi wake, Béla Károlyi, yule yule aliyemfundisha Comăneci kabla hajahamia Marekani mwaka 1981, alimhimiza kwa sauti kwamba aweza. Akakimbia, akaruka, akatua, akasimama kwa mguu mmoja, kisha akaanguka kwa magoti. Alipewa 9.712. Timu ya wanawake ya Marekani ikapata dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki, na picha ya mkufunzi akimbeba mchezaji mikononi ikaenea duniani kote.

Hesabu zilipokamilika, ilionekana kwamba Marekani ingewashinda Warusi hata kama mruko ule wa pili usingefanyika. Wakati ule hakuna aliyekuwa na hakika nalo, na ujasiri wa Strug haupungui hata chembe. Hata hivyo gharama aliilipa yeye. Alikuwa amefuzu kushindana peke yake katika fainali nyingine, na mguu ule haukumruhusu kuingia hata moja.

Baada ya hapo Marekani iliweka utaratibu wa kuwakusanya wachezaji wa timu ya taifa katika kambi za mara kwa mara, kwenye shamba la akina Károlyi lililo katika msitu wa Texas. Utaratibu huo ulileta medali nyingi. Lakini wazazi hawakuruhusiwa kuingia, na msichana aliyelalamikia maumivu alihofia kuachwa nje ya timu. Mahali pasipo na mzazi, na ambapo mtoto ameogopa kusema, mwovu hupata nafasi. Daktari wa timu, Larry Nassar, aliwadhulumu wasichana kwa miaka mingi kwa kisingizio cha tiba. Mwezi wa Januari 2018 alihukumiwa kifungo cha kumaliza maisha yake gerezani, baada ya zaidi ya watu 150 kutoa maelezo yao mahakamani. Mwezi huo huo chama cha jimnastiki cha Marekani kilikata uhusiano na kambi ile.

TOKYO NA PARIS

Miongoni mwa waliojitokeza kusema kwamba walidhulumiwa na daktari huyo alikuwa Simone Biles, bingwa aliyepata dhahabu nne Rio mwaka 2016. Biles, kama Mukhina, hakulelewa na mama aliyemzaa. Alilelewa na babu yake pamoja na mke wa babu yake, ambao walimfanya mtoto wao.

Tarehe 27 Julai 2021, katika fainali ya timu ya Olimpiki ya Tokyo, Biles aliruka farasi na kupotewa hewani. Alikuwa amekusudia kujisokota mara mbili na nusu, akajisokota mara moja na nusu tu, akatua kwa shida. Wachezaji wa jimnastiki wanaijua hali hiyo na kuiogopa. Ni kama rubani aliyeingia ndani ya wingu zito, akashindwa kutambua juu ni wapi na chini ni wapi. Rubani ana vyombo vya kumwelekeza. Mchezaji hana ila hisia yake, na hiyo ndiyo imepotea.

Biles alitoa taarifa kwamba hawezi kuendelea. Wakufunzi waliisikia. Timu ya siku hizo ilikuwa ya watu 4, na watatu waliobaki, Sunisa Lee, Jordan Chiles na Grace McCallum, iliwabidi wapande wote katika kila chombo kilichosalia. Walipata fedha, dhahabu ikaenda kwa Warusi. Wako waliomsifu Biles, na wako waliomwita mwoga. Siku chache baadaye alirudi kwenye boriti, akiwa amebadilisha mruko wake wa kushukia ili usiwe na kujisokota, akapata shaba.

Sasa na itazamwe Paris ya mwaka 2024. Timu ya Marekani ilikuwa na Biles wa miaka 27, Jade Carey wa miaka 24, Chiles wa miaka 23, Lee wa miaka 21, aliyekuwa ametoka katika ugonjwa wa figo, na Hezly Rivera wa miaka 16. Wanne kati yao walikuwa watu wazima ambao, kwa fikra za zamani, walikwisha kupitwa na wakati. Katika siku ya mchujo Biles aliumia nyama ya mguu. Safari hii aliupima mwenyewe mwili wake, akaona unaweza, akafunga mguu na kuendelea. Tarehe 30 Julai walishinda dhahabu kwa alama 171.296, wakifuatiwa na Italia yenye 165.494 na Brazili yenye 164.497.

Tofauti ya Minsk na Tokyo haiko katika ujasiri. Mukhina alikuwa jasiri, na Biles ni jasiri. Tofauti iko kwa waliopokea taarifa. Katika Minsk taarifa ilipuuzwa, na mchezaji hakuonekana tena uwanjani. Katika Tokyo taarifa ilipokewa, timu ikapoteza dhahabu moja, na baada ya miaka mitatu mchezaji yule yule akarudi akiiongoza timu hiyo kwenye ushindi.

Afrika nayo ilipata yake Paris. Kaylia Nemour, msichana wa miaka 17 aliyezaliwa Ufaransa na kuichezea Algeria, nchi ya baba yake, alipata alama 15.700 katika fito za kimo tofauti na kutwaa dhahabu. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kupata medali ya Olimpiki katika jimnastiki. Miaka mitatu kabla yake magoti yake yote mawili yalikuwa yamepasuliwa na madaktari. Bila shaka wazazi wengi barani, baada ya kumwona, walitamani watoto wao nao wafundishwe.

KWA MZAZI NA KWA MKUFUNZI

Tamaa hiyo ni njema. Mchezo wa viungo humpa mtoto mgongo ulionyooka, moyo wa subira na heshima ya kazi. Lakini mzazi anayempeleka mtoto kwa mkufunzi, iwe ni jimnastiki, sarakasi, mpira au ngumi, na atazame mambo haya machache.

Kwanza, mlango. Mahali pa mazoezi ambapo mzazi hakaribishwi hapafai mtoto. Si lazima mzazi aingilie kazi ya mwalimu; yatosha akae pembeni, aonekane.

Pili, jeraha. Mfupa hauungi kwa amri. Plasta hutolewa na daktari kwa siku aliyoitaja daktari, na si kwa sababu mashindano yamekaribia. Mashindano yatakuja tena. Shingo haiji tena.

Tatu, chakula na usingizi. Mtoto anayekua na kufanya mazoezi makali huhitaji kula vizuri zaidi kuliko wenzake. Mkufunzi anayemwaibisha mtoto kwa uzito wake mbele ya wengine, au anayemnyima chakula ili awe mwepesi, anaivunja nyumba ambayo mtoto ataishi ndani yake maisha yake yote.

Nne, hatua. Kila zoezi jipya na lianzie mahali laini na karibu na ardhi. Mwalimu anayeruka hatua ili kuwafurahisha watazamaji siku ya sherehe anacheza kamari kwa mali isiyo yake.

Tano, na ndilo kubwa, neno la mtoto. Mtoto afundishwe tangu siku ya kwanza tofauti ya uchovu na maumivu, na afundishwe kuyataja maumivu bila hofu. Uchovu huvumiliwa; bila uvumilivu hakuna bingwa. Maumivu hutolewa taarifa. Mkufunzi mwema hatamhesabia kosa aliyetoa taarifa, kama vile kamanda mwema asivyomwadhibu mlinzi aliyepiga kelele usiku akidhani ameona adui. Heri kuamka bure mara kumi kuliko mlinzi kunyamaza mara moja.

Timu za taifa zinaendelea kujifungia kambini, zikijiandaa kwa mashindano yajayo, na mahali fulani msichana amesimama mwisho wa njia ya mbio, viganja vyake vimejaa unga mweupe, akijua jambo juu ya mguu wake ambalo mwalimu wake halijui. Ni wajibu wa mwalimu kumwuliza kabla hajakimbia.